Mafuta ya Nazi ya Bibi na Mfumo Wangu wa Joto na Baridi

Jumatatu, 4 Agosti

Shule imefungwa. Baridi haijafunga. Mafuta ya Bibi yameamka jiwe tena!

Ni mafuta ya nazi, ya kupaka nywele. Bibi Kawsar, mama yake Baba, alikuja nayo kutoka Mombasa mwezi uliopita. Kwao Mombasa mafuta hayo ni maji mwaka mzima. Hapa Njiru yanaamka meupe, magumu, kama mshumaa. Mchana jua likitoka yanakuwa maji. Jioni yanaganda tena. Si kosa la mafuta. Nyumba yetu iko ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati matupu, hakuna dari. Asubuhi friji, mchana tanuri. Nairobi ya Agosti haijui inataka nini.

Leo wakati wa chai Bibi ameigeuza chupa chini juu mbele ya kila mtu. Halikuanguka tone. Akasema hawezi kuishi mahali ambapo mafuta yanalala kuliko mwenyewe. Baba akacheka. Bibi hakucheka.

Kumbe Shangazi Rufaida, dada yake Baba wa Buruburu, ameshapiga simu. Atakuja Jumapili amchukue Bibi akaishi kwake moja kwa moja! Mwanawe Jamil amefungiwa mashine ukutani. Ukitaka joto, inatoa joto. Ukitaka baridi, inatoa baridi. Kwa rimoti! Bibi akasema neno lake ni moja. Jumapili asubuhi ataitazama chupa. Mafuta yakiamka maji, anakaa Njiru. Yakiamka jiwe, anakwenda Buruburu, na tusimlilie.

Nitalia. Acha niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Mimi mbele ya watu siwezi kuongea. Shuleni muhula mzima walidhani ni bubu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, linafika kooni, linageuka linarudi. Lakini na Bibi! Na Bibi naongea mpaka ananiomba tupumzike kidogo. Tunalala chumba kimoja. Ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyotania wajukuu, eti nilimpokonya mume. Babu alikufa kabla sijazaliwa! Akienda Buruburu nitaongea na nani? Na shajara? Shajara haicheki.

Basi nimeamua. Nitachagua mfumo wa joto na baridi wa nyumba hii. Kabla ya Jumapili.

Mama anasema kabla ya mifumo nizibe lile tundu la dirisha juu ya kitanda cha Bibi, pale kioo kilipovunjika. Eti kitambaa kizee kinatosha. Kitambaa! Buruburu wana rimoti, sisi tuwe na kitambaa!

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma siku nzima kwenye simu ya Mama. Macho mekundu. Moyo juu!

Hita ya umeme: inakula tokeni za stima kama ng'ombe kwenye shamba la jirani. Baba akisikia atatulaza gizani. Mashine ya ukutani kama ya Jamil: nimemwonyesha Baba bei, akacheka mpaka akakohoa. Jiko la makaa chumbani: Mama amekataa kabla sijamaliza sentensi, anasema hewa yake haionekani na inaua watu usingizini. Nimesoma. Kweli. Sola: paa ni la mwenye ploti. Feni: inasaidia mchana, usiku ni adui.

Kwa hiyo kilichobaki ni mfumo usiotumia stima kabisa! Watu wa nje wanasema siri ni kuzuia joto lisitoke na lisiingie. Fizikia ya kidato cha pili. Joto husafiri kwa njia tatu. Nitazifunga zote.

Nimemwajiri Nekesa. Nekesa anakaa ghorofa ya chini na mamake, Mama Beldina; kwao ni Bungoma. Mungu alipokuwa akigawa midomo alimpa Nekesa wake na wangu. Mapatano yetu: mimi nafikiri, yeye anasema. Amekubali palepale. Ameniuliza tu, "Sasa Muhi, hii story yote ni ya kuyeyusha mafuta? Si tuyapashe kwa sufuria?" Nikamweleza kwamba huo utakuwa udanganyifu. Sayansi haitaki sufuria.

Jaribio la kwanza ni usiku huu. Maji ya moto kutoka kwenye birika la chai (moto umeshatumika, gharama sifuri!) ndani ya chupa za soda. Nne. Mbili kila upande wa miguu ya Bibi, chini ya blanketi. Sijamwambia. Aamke tu ajikute Mombasa!

Jumatano, 6 Agosti

Msiba.

Chupa za soda hazipendi maji ya moto. Zilijikunja kama watu wenye tumbo la kuuma. Vizibo vikaachia. Alfajiri Bibi akaamka, godoro chapachapa.

Akanyamaza. Ndipo nilipoogopa, maana Bibi hanyamazi. Baba akaingia, akaona, akatoka polepole kama mtu aliyeingia choo kisicho chake. Nikamsikia akimnong'oneza Mama kwamba umri nao umefika, na kwamba kuna daktari mzuri wa mambo hayo. Bibi ana masikio ya paka. Akapiga kelele kwamba amelea watoto saba na amewabadilisha nepi wote, Mahmud akiwemo, na Mahmud ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kulowesha kitanda!

Mahmud ni Baba.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Maneno yalifika kooni, yakageuka. Nikakimbia chini kwa Nekesa, nikamwandikia kila kitu kwenye kiganja. Nekesa akapanda. Lakini Nekesa hajui kunong'ona. Alisimama kwenye ngazi akatangaza, "Bibi hajakojoa! Ni maji ya Muhiba!" Ploti nzima ikatoka milangoni. Keatekea wetu, mtunza ploti, Bwana Kimani, akauliza kama ni bomba.

Bibi alinisamehe. Alicheka hata. Lakini godoro halikaukii maneno. Jamil akaitwa aje amchukue Bibi alale huko siku mbili, eti aonje.

Aonje! Mtu akionja pilau anarudi kwa ugali?

Jamil alikuja na jaketi jeupe. Huyu binamu yangu ananiita Bi Kimya tangu tukiwa wadogo. Aliangalia mabati, akaangalia tundu la dirisha, akauliza kama hiyo ndiyo AC yetu. Nilikuwa na jibu kali sana. Nililipata baada ya saa mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Jamil ametuma picha. Chupa ya Bibi juu ya meza ya kioo. Mafuta maji matupu, yanang'aa kama yanacheka. Chini ameandika: Bi Kimya, kwisha wewe.

Niliandika majibu saba. Nikafuta saba. Nekesa akaninyang'anya simu akamtumia sauti ya dakika nzima. Sitaandika alichosema. Kilikuwa kizuri.

Hasira ni moto usiotumia stima! Leo nimepata wazo kubwa. TIREI ZA MAYAI! Zile za karatasi. Zina mashimo, mashimo yana hewa, hewa iliyotulia haipitishi joto. Naziba mabati yote kwa ndani, napata dari. Ukitaka joto libaki, linabaki. Ukitaka jua lisiingie, haliingii. Mfumo mmoja, kazi mbili, rimoti hakuna!

Stejini kuna Gordon, anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Tirei anazitupa. Nekesa alimwendea. Mimi nilisimama nyuma ya kibanda cha simu nikiwa kama ninasoma bango. Gordon akauliza tirei zote hizo ni za nini. Nekesa akamwambia kuna bibi anataka kupashwa joto. Gordon akaangua kicheko, akasema siku hizi kuku wamepata mshindani. Lakini alitupatia gunia zima.

Gundi tumepika wenyewe, uji mzito wa unga wa ngano. Tumepanda meza juu ya kitanda. Tumebandika tangu adhuhuri mpaka magharibi. Shingo yangu haigeuki. Uji umenikauka kwenye nyusi. Lakini uzuri wake! Chumba kama pango la malkia!

Mama amesimama mlangoni akatazama juu. Akatazama tundu la dirisha. Akauliza, na hilo? Nekesa akajibu kwa niaba yangu kwamba kila mfumo unahitaji kupumua. Mama akasema hata yeye anahitaji kupumua, na unga wake wa chapati uko wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Bibi amerudi! Na chupa yake. Na Jamil pia, kwa bahati mbaya.

Nilimuuliza Bibi kuhusu Buruburu kabla hajavua viatu. Akasema joto lipo. Tena zuri. Rufaida ana roho nzuri na Jamil ana adabu akilala. Lakini pale, akasema, kila mtu mlango wake umefungwa, joto lisitoke. Rufaida kazini, Jamil na simu yake. Chai ya saa kumi amekunywa na rimoti. Kisha akaniuliza nimekula nini siku mbili hizi na kwa nini nyusi zangu ni nyeupe. Nikamweleza. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Mara mbili.

Sikupata muda wa kufikiria alichosema. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu joto.

Saa nane jua likatoka. Wingu la asubuhi lilifutika kama halikuwahi kuwepo. Mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Jamil alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono mfukoni, anamweleza Bibi kwamba mashine yao ina akili, inapima hewa yenyewe. Akasema, "Hii kitu ya mayai, Bi Kimya, ni ya kufuga ama ni ya—"

Tirei ya kwanza ilimpata utosini.

Kisha ya pili. Kisha zote! Uji wa ngano ukikauka kwa joto unaachia. Sasa najua. Zilishuka kama majani. Na ndani ya tirei mende, familia nzima nzima, waliokuwa wamehamia usiku kula gundi. Jamil aliruka juu ya kitanda cha Bibi na jaketi lake jeupe akaita mamake. Bibi alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Sijamwona akicheka hivyo tangu aje.

Jamil aliondoka akisema Jumapili watakuja na gari lenye buti kubwa, na mizigo ya Bibi iwe tayari.

Sawa. Lakini nimegundua kitu! Kosa si tirei. Kosa ni kwamba nilipigana na joto likiwa limeshaingia ndani. Linatakiwa kuzuiwa JUU YA PAA. Kesho!

Jumamosi, 9 Agosti

 Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Mfumo mpya: Paa la Kubadilika. Asubuhi unavuta karatasi nyeusi ya nailoni juu ya mabati, inameza jua. Adhuhuri unaitoa, unavuta kitambaa cheupe, kinarudisha jua kwa mwenyewe. Kamba zinapita kwenye tundu la dirisha (Mama aone sasa faida ya tundu!) na Bibi anavuta akiwa kitandani. Ukiwa pale wanapoanika nguo, mabati yetu unayagusa kwa mkono. Rahisi!

Nailoni tulikuwa nayo. Kitambaa cheupe kipo dukani kwa Baba. Baba alikuwa Eastleigh kununua mzigo, simu imezima, na Mama naye alikuwa ametoka. Dukani alikuwepo mwenzake, Mzee Ubaid, mtu wa msikitini, mpole sana. Siwezi kuongea na Mzee Ubaid. Ni mpole mno, ananisubiri nimalize. Nikamtuma Nekesa. Nikamwambia aombe bafta, maana ndiyo nyeupe kuliko zote, aseme tutalipa Baba akirudi.

Nekesa alirudi mbio akiwa na furushi kubwa. Akanieleza yote. Mzee Ubaid aliuliza bafta ni ya nani. Akasema ya Bibi yake Muhiba. Akauliza inatakiwa lini. Akasema leo leo, kabla ya adhuhuri. Akauliza mbona Muhiba hakuja mwenyewe. Akasema Muhiba hawezi kuongea. Mzee Ubaid akavua kofia. Akakata kitambaa mwenyewe, kirefu, kwa adabu, wala hakutaka kusikia habari ya malipo. Akaongeza na pamba! Na ubani! Na vidonge vyeupe vya kunukia!

Nilifurahi kiasi gani! Nikamwambia Nekesa, tazama mzee huyu, amejuaje kwamba pamba inazuia joto? Vidonge nilidhani ni vya mende.

Tukapanda. Tukatandaza. Upepo ukachukua upande mmoja wa bafta ukaning'inia mbele ya jengo mpaka ghorofa ya kwanza. Nikiwa navuta kamba nikamwona Mzee Ubaid kwa mbali. Duka amefunga. Anakuja na wazee watano wa msikiti. Nyuma yao wanawake wenye mabuibui, na mikeka.

Nikadhani kuna harusi.

Kisha chini nikasikia sauti ya Mama Beldina. Alikuwa anatoka sokoni, akaona wazee, akaona kitambaa cheupe, akauliza, akaambiwa. Kwao mtu akifa hanong'onewi. Alilia kuanzia getini, mikono kichwani, "Uuuuwi! Bibi! Mama yetu! Umetuacha na nani!" Hajawahi kukutana na Bibi hata siku moja. Bwana Kimani akafungua kundi la WhatsApp, Mazishi ya Bibi wa Ploti, akaweka nambari za nyumba yote. Yote! Hata ya Bibi!

Ndipo nikaelewa. Bafta. Pamba. Kabla ya adhuhuri. Nilimwomba Mzee Ubaid sanda!

Nilikuwa juu, wao chini. Neno moja lingetosha. Nikashika ukingo nikasema, "Bibi yuko hai!" Ilitoka kama kifaranga kwenye boksi. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikatafuta Nekesa. Nekesa ameshashuka, yuko chini analia na mamake! Nilipomuuliza baadaye alisema alidhani imetokea tulipokuwa juu, na kilio cha mama hakiachwi peke yake.

Bibi naye, chumbani, akasikia msiba. Akasikia simu yake, ting, ting, ting, mikono ya dua imejaa. Na Bibi kwa misiba hana mchezo. Akavaa buibui. Akachukua tasbihi. Akashuka, ngazi zote, peke yake kwa mara ya kwanza tangu afike Njiru, akaenda kutoa pole.

Nilimwona kwa juu. Walimsogezea nafasi kwenye mkeka. Nani anamjua? Hatoki nje, anaogopa baridi! Nekesa peke yake, na Nekesa uso ameuficha kwenye leso ya mamake. Akakaa katikati ya Mama Beldina na mke wa Mzee Ubaid. Akashika mkono wa mmoja, akashika wa mwingine. Akalia. Alilia vizuri sana, kwa sauti ya Mombasa, mpaka waliokuwa wameishiwa wakaanza upya. Walimpa chai. Wakamsimulia marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Mke wa Mzee Ubaid akasema alikuwa na mkono mkunjufu. Mama Beldina akasema alikuwa kama mamake mzazi. Bibi akatikisa kichwa, akasema watu wema ndio huenda mapema. Kisha akauliza, na jina lake alikuwa nani huyo mama wa watu?

Wakamwambia: Kawsar, mamake Mahmud.

Nilifumba macho.

Kikombe kikawekwa chini. Kisha Bibi akasema, taratibu, "Ala! Na mbona sikuambiwa?"

Mama Beldina aliruka mkeka mzima bila kugusa ardhi. Mzee Ubaid akaanza kusoma dua. Kisha kikaja kicheko. Wa kwanza alikuwa Bibi. Akawaambia kwa kuwa wameshakuja na sukari, na majani, na mahindi mabichi, na yeye ameshasifiwa, ni aibu kurudi nyumbani. Karibuni juu!

Wakapanda. Wote! Wakajaa sebuleni, wakajaa chumbani kwetu, wakakaa kitandani kwangu. Baba aliporudi alikuta viatu mpaka ghorofa ya pili akaketi kwenye ngazi akashika moyo. Ilibidi Bibi atoke mwenyewe amwonyeshe uso.

Walikaa mpaka isha. Mama Beldina anamfundisha Bibi salamu za Kibukusu, Bibi anamfundisha kusuka mkeka. Chumba kilikuwa na joto la ajabu, madirisha yote yalitoka jasho! Nimeandika: Paa la Kubadilika linafanya kazi.

Bibi, kabla ya kulala, alichukua leso nzee na kipande cha tirei akaziba lile tundu la dirisha. Sikumkataza. Alikuwa amechoka, maskini. Mtu amefiwa na nafsi yake mchana kutwa.

Jumapili, 10 Agosti

SIKU YENYEWE.

Sikulala. Shangazi alifika asubuhi mapema na Jamil na lile gari. Mzee Ubaid alikuwepo, na Mama Beldina alikuwepo na maandazi. Bwana Kimani alikuwepo bila sababu. Kila mtu alitaka kuona chupa.

Chupa haikuwa dirishani mahali pake. Bibi akaitoa kifuani, chini ya leso mbili na sweta. Sijui ilifikaje huko. Akaigeuza chini juu.

MAJI! Maji matupu! Yalipiga glubu!

Nilishika ukuta. Jamil akaishika chupa, akasema mbona ina joto kama uji. Bibi akasema chupa ni yake na kifua ni chake. Shangazi Rufaida akamtazama Bibi kwa muda. Bibi akatazama juu, kwenye tirei moja iliyokuwa bado imening'inia. Shangazi akatabasamu, akamwambia Jamil arudishe mizigo ndani.

Jamil hakukubali. Akataka kujua ni mfumo gani huo. Bibi akasema, "Mimi ni mtu wa zamani. Muulize mke mwenzangu, ndiye fundi."

Wote wakanigeukia. Mzee Ubaid, Shangazi, Baba, wote. Neno likafika kooni. Likasimama. Bibi akanisogezea kikombe kama tuko wawili tu. Na likatoka! Nikasema joto husafiri kwa njia tatu. Nikasema nyeusi humeza, nyeupe hurudisha. Nikasema kuhusu hewa iliyotulia, na kamba, na tirei, na kwa nini Nairobi inahitaji paa lenye nia mbili. Niliongea! Sentensi juu ya sentensi! Nekesa alisahau kufunga mdomo. Mzee Ubaid alinisubiri nikamaliza. Baba akasema "Ala!" kama Bibi.

Bibi hakuwa anasikiliza habari za joto, nadhani. Alikuwa ananitazama tu, na macho yalikuwa yamejaa. Moshi wa ubani.

Anakaa! Bibi anakaa Njiru!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshinda. Niandike mafunzo ningali nayakumbuka.

La kwanza: sayansi haishindwi na rimoti. La pili: paa jeupe linapasha joto usiku pia, jambo ambalo vitabu bado havijaligundua. La tatu: watu wakijaa nyumbani wanapoteza hewa nzuri ya mfumo, na leo wamekuja tena. Mama Beldina na mke wa Mzee Ubaid wamekaa na Bibi kutoka saa nne mpaka saa kumi na moja, wanasuka. Nimewavumilia kwa ajili ya Bibi.

Mchana nimefanya ukaguzi. Nikaona ile leso na kipande cha tirei kwenye tundu la dirisha. Aibu! Jamil akija kupiga picha? Isitoshe kamba zimezibwa njia, mfumo haupumui. Nimevitoa vyote viwili.

Sasa ni saa tatu usiku. Ajabu, baridi imerudi, tena kali, inaingia kama ina ufunguo! Mafuta yameanza kufanya utando. Bibi ametetemeka, akatazama tundu, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndefu, akahamia kitandani kwangu na blanketi lake. Chupa ameirudisha kifuani. Anasema niache kuandika, nisogee.

Nimefikiri sana na sababu nimeiona. Bafta ni fupi! Inafunika juu ya kitanda kimoja tu, na sisi tuna viwili.

Kesho asubuhi na mapema namtuma Nekesa kwa Mzee Ubaid. Safari hii hakuna kukosea, nimemwandikia la kusema. Aombe bafta nyingine, ndefu zaidi, na pamba nyingi. Akiulizwa ni ya nani, aseme ukweli: ya Bibi na Muhiba, wote wawili, tena inatakiwa haraka.